Mirija Niliyoing'arisha

Shabani alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa natandaza michembe ya viazi juani hapa Itetemia. Hakunisalimia. Shabani ninayemjua mimi husalimia hadi kuku wa watu, kwa hiyo niliishika simu kwa mikono miwili kabla hajaanza. "Milembe, mdogo wangu," akasema, "Daktari Paskazia ametutoka. Jana jioni. Moyo tu, hakumsumbua mtu." Nikauliza alikuwa na nani. "Alikuwa na nani tena? Alikuwa mwenyewe na karatasi zake." Akakohoa kile kikohozi cha mwanaume anayetaka kulia akaona haya, akaniambia mazishi ni Alhamisi, nisikose. Nilimaliza kutandaza viazi vyote. Nilivipanga mstari kwa mstari kama mtu aliyetumwa na kusimamiwa, halafu nikakaa chini katikati yake nikahesabu: tangu nimtie Daktari machoni mara ya mwisho ni miaka minane, na kutoka hapa mpaka mlangoni pake ni mwendo wa baiskeli ambao hata jasho halikutoki.

Nina miaka thelathini na mmoja. Najua huu si umri wa kuandika kumbukumbu. Wanaoandika ni wastaafu wenye miwani. Tena mimi elimu yangu ni kidato cha nne, na cheti chenyewe kiko chini ya godoro kisije kikaonwa na wageni. Lakini mwaka ninaotaka kuusimulia nimeubeba kimyakimya muda mrefu, na aliyeujua vizuri kuliko mimi tumemzika wiki iliyopita. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilitoka Kigwa kwa treni na begi moja, nimesikia kwamba Tabora mjini kuna daktari wa utafiti anatafuta mtu wa kuosha vyombo vya maabara. Njia nzima nilijiona nimevaa koti jeupe, naitwa na watu koridoni, "Milembe, njoo uone hii." Ndivyo nilivyoumbwa. Nikiambiwa nikaoshe vyombo, mimi naota koti.

Chumba cha utafiti kilikuwa nyuma ya kituo cha afya kando ya barabara ya zamani ya Ujiji, ile waliyopita wapagazi na pembe mabegani. Wagonjwa wetu nao walikuja kwa barabara hiyohiyo, wamefungwa kwa khanga mgongoni mwa dereva wa pikipiki, mguu umevimba kama gunia la karanga. Walikuwa wakulima wa tumbaku, wachunga ng'ombe, warina asali wa Ulyankulu na Urambo, watu walioingiza mkono au mguu mahali ambapo nyoka naye alikuwa amejipumzisha. Daktari Paskazia alikuwa akichunguza damu zao. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka hamsini na kitu, nywele fupi, mwendo wa haraka, sauti ya chini sana kiasi kwamba ilibidi umsogelee, na ukimsogelea anarudi nyuma kidogo. Siku ya kwanza nilimpigia magoti. "Shikamoo, Daktari." "Marahaba, mwanangu. Simama, sakafu ina klorini." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya kwanza.

Akanionyesha kazi. Kipimo chake kikubwa kilikuwa chepesi mpaka nikadhani ananitania. Damu kidogo ya aliyeng'atwa inatiwa kwenye mrija wa kioo, ule mdogo kama kidole, mrija unasimamishwa kwenye ubao wenye matundu, na saa ya mezani inategwa dakika ishirini. Hakuna kugusa, hakuna kutikisa, hakuna hata kuegemea meza. Zikiisha, unauinamisha. Damu ikiwa imeshika chini kama uji uliolala, mtu ana nafuu. Ikitiririka kama maji, basi sumu imeharibu uwezo wa damu kuganda, na mtu huyo anaweza kuvuja ndani kwa ndani mpaka afe huku anaongea na wewe. Huyo anapewa dawa ya sumu ya nyoka kwa dripu. Kazi yangu mimi ilikuja baada ya hapo: kuloweka mirija kwenye klorini, kuisuuza, kuikausha kwenye oveni. Mirija mipya ilikuwa imebaki boksi moja, limefungiwa kabatini kama akiba. Mingine ilikuwa inasubiriwa kutoka Dar es Salaam, na ilisubiriwa mwaka mzima. "Suuza kwa maji tu, mara nyingi," Daktari aliniambia. "Maji tu, Milembe." Nilimwangalia viatu vyake, vilivyoshonwa pembeni kwa uzi wa rangi nyingine, nikaelewa. Yaani nilidhani nimeelewa.

Dakika ishirini ni ndefu. Kwa kuwa hatukuruhusiwa kutikisa meza, tulikaa. Shabani, fundi wa maabara, mtoto wa mjini aliyekuwa na neno kwa kila kitu, alikaa kwenye stuli karibu na dirisha. Daktari kwenye kiti. Mimi kwenye ndoo niliyoigeuza. Hapo ndipo nilipopata masomo yangu yote ya sayansi, vipande vya dakika ishirini ishirini. "Mwilini mwako kuna mafundi na kuna askari," Daktari aliniambia siku moja, macho yake yako kwenye mrija. "Bomba likipasuka, fundi anakuja kuziba. Ndiko kuganda huko. Akiingia mgeni asiyejulikana, mdudu, sumu, askari wanakuja. Vitabu nilivyosoma mimi vilisema fundi ana ofisi yake na askari ana yake. Mimi miaka yote hii nasema hapana, hawa wanakula sahani moja. Askari akipiga kelele, fundi anaamka. Askari akichanganyikiwa, fundi anaweka nyundo chini." Nikamuuliza, "Na wanaokusikiliza ni wangapi, Daktari?" Akafikiri kweli, kama nimemuuliza swali la mtihani. "Wewe," akasema. "Na Shabani, akiwa hajasinzia." Shabani akafumbua jicho moja. "Wallahi nasikia kila kitu. Nyundo, sahani, askari. Nina njaa."

Jioni nilirudi Isevya, chumba cha kupanga chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Nilikuwa na kitanda, ndoo mbili, jiko la mkaa na kalenda ya mwaka uliopita niliyoipenda kwa picha yake. Sijawahi kuwa mpweke kama mwaka ule, na jambo la ajabu ni kwamba nilikuwa nimezungukwa na sauti. Upande wa pili wa ukuta waliishi mume na mke wauza dagaa, waliogombana kwa Kinyamwezi kila jioni kuhusu chumvi. Mume akisema mboga imezidi, mke anamjibu, "Basi kalale kwa yule asiye na chumvi," na wote wawili wanaangua kicheko. Nami huku niliko nacheka. Nilikuwa nasonga ugali kwa kipimo cha Kigwa, wa watu wengi, halafu nakula pembe moja na kuufunika uliobaki. Nilicheka miezi na watu wasiojua kama nipo. Siku mke aliponikuta kisimani akanisalimia "Mwangaluka," nilitaka kumuuliza kama mume amekubali chumvi. Nikajizuia, nikaitikia tu, nikabeba ndoo yangu.

Labda ndiyo maana niliipenda mirija. Ilikuwa kitu pekee kilichopita mikononi mwangu na kuonekana kwamba kimepita. Lakini klorini iliiachia harufu na ukungu, na mingine ilibaki na mduara mwekundu chini ambao maji matupu hayakuuondoa. Kwetu glasi ya mgeni ikiwa na ukungu, aibu ni ya mwenye nyumba. Nami nilikuwa nimeshaona vile viatu. Niliamini kabisa kwamba Daktari alisema "maji tu" kwa sababu mradi haukuwa na fungu la sabuni na aliona haya kulisema. Basi wiki ile ya sherehe ya mavuno kanisani kwetu, Moravian ya kule Isevya, nilinunua pakiti ya sabuni ya unga kwa hela yangu mwenyewe, nikaificha nyuma ya ndoo. Sikumwambia mtu, nisimwaibishe. Nilisugua kila mrija kwa unyoya wa kuku, povu mpaka kwenye viwiko, nikasuuza mara moja kwenye ndoo ileile, maana bomba lilitoa maji siku moja na kupumzika siku mbili. Ikatoka oveni inang'aa kama meno ya bibi harusi. Daktari aliinua mmoja juani, akasema, "Milembe, una mikono mizuri." Sifa hiyo niliishi nayo wiki nzima. Niliila na ugali.

Miezi ikapita na Daktari akaanza kubadilika. Akaanza kutembea chumbani wakati wa dakika ishirini, jambo alilolikataza mwenyewe. Wagonjwa walipewa dawa, uvimbe ukashuka, wakaomba chakula, wakaanza kutaniana na manesi. Lakini damu yao kwenye mrija ilikataa kuganda. Siku ya tatu, siku ya tano, maji. "Sumu imekwisha mwilini," alimwambia Shabani, na kwa mara ya kwanza nilimsikia bila kumsogelea. "Mtu anapona, na damu bado haigandi! Nani anayewazuia mafundi kama si askari wenyewe? Ndicho nilichokuwa nasema, Shabani. Ndicho nilichosema tangu nina miaka thelathini wakanicheka." Shabani akasema, "Sasa wacheke tena," na wakapeana mikono kama wanasiasa. Akaalikwa kwenda kusoma kazi yake mbele ya madaktari wenzake huko Dar es Salaam. Alinunua viatu vipya. Nilivifuta vumbi mara mbili kwa siku, ingawa hajavivaa.

Nilikuwa na furaha, na ndani ya furaha ile nilikuwa na wivu mdogo wa kitoto. Kila mtu alikuwa kwenye lile daftari lake kubwa la jalada gumu: jina, kijiji, siku, imeganda, haijaganda. Hata mchunga ng'ombe aliyelala siku moja akatoroka alikuwemo. Nikasema, "Daktari, na mimi nipime. Niingie daftarini." Akatabasamu. Mwanzo wa mradi, kabla sijaja, walikuwa wamepima watu wazima wasio na neno kwa mirija mipya, ikaganda kama inavyotakiwa, hawakuona haja ya kurudia. Lakini alikuwa na furaha siku ile, na mtu mwenye furaha hakatai. Shabani akanifunga mpira mkononi. "Damu ya Kigwa hii, angalia itatoka na reli." Tukakaa dakika ishirini. Saa ikalia. Daktari akauinamisha mrija, na damu yangu ikatiririka mpaka mdomoni pa mrija kama chai.

Daktari akaja mpaka nilipokaa, na safari hii hakurudi nyuma. Akanishika kidevu, akavuta kope zangu chini, akaniangalia ufizi. "Ukipiga mswaki unatoka damu? Pua? Siku zako zinakuwa nzito? Kuna mtu kwenu aliyewahi kuvuja akafa?" Nilijibu hapana, hapana, hapana. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, na mimi, Mungu anisamehe, niliona raha. Tangu nitoke Kigwa Januari hakuna mtu aliyekuwa amenigusa uso. Jioni ileile alinihamishia nyumbani kwake nisije nikajikwaa au kujikata nikiwa peke yangu Isevya.

Nyumba yake ilikuwa ya zamani, kuta nene, ndani baridi hata saa nane mchana. Jikoni palikuwa na sahani moja juu ya kichanja, kikombe kimoja, kijiko kimoja. Mezani kulikuwa na viti vinne, vitatu vimejaa karatasi mpaka usawa wa mgongo. Akasimama na rundo la kiti kimoja mikononi, akizunguka chumba kizima. "Hizi sasa niziweke wapi?" akajiuliza kwa sauti, na nikaona kwamba swali hilo lilikuwa halijamjia miaka mingi. Akaziweka kitandani kwake. Akanipikia maini, akapika na mlenda, chumvi akasahau, nikawakumbuka majirani zangu nikacheka peke yangu, akaniuliza nacheka nini, nikamweleza. Akacheka na yeye mpaka akafuta macho. Tulikula hivyo siku tatu. Alinisimulia kwamba wenzake aliosoma nao wako kwenye maofisi makubwa, na kwamba kulikuwa na mwanaume zamani aliyemwambia achague, yeye au damu za watu. "Nikamwambia anipe dakika ishirini nifikiri," akasema. "Hakusubiri." Nilijiambia moyoni kwamba kama huu ndio ugonjwa, nisipone.

Siku ya nne, Jumamosi, nilikuwa naosha glasi mbili za chai alizotununulia nilipohamia. Daktari alipita nyuma yangu akachukua moja, akainywea maji, akakunja uso. "Mwanangu, unatia sabuni nyingi. Haitoki hii, inajipaka kwenye kioo. Hata ukiisuuza bado ipo." Akasuuza tena mwenyewe, akaondoka zake kazini. Nilibaki nimeshika ile glasi nyingine. Inajipaka kwenye kioo. Sikujua sayansi yake, lakini niliikumbuka ile pakiti nyuma ya ndoo.

Nilikimbia mpaka maabara. Kitandani chumba cha wagonjwa alikuwa Baba Venansi, mrina asali wa Ulyankulu, aliyeng'atwa na kifutu chini ya mti wenye mzinga wake. Mtu mpole, aliyemwita kila nesi "mama" hata walio sawa na wajukuu zake. Alikuwa ameshapewa dawa mara mbili. Dawa ile inatengenezwa kwa damu ya farasi, na mwili wa mtu una haki ya kushangaa farasi anaingia na nini; mara ya pili askari wa Baba Venansi walikuwa wamechachamaa, akatoka vipele mwili mzima, koo likabana, pumzi ikapiga filimbi, wakamrudisha kwa sindano. Na bado mrija wake ulikataa kuganda. Nilipopita mlangoni nilimsikia Daktari akimwambia nesi kwa ile sauti ya chini: "Nikimpa tena, unaweza kuwa mwisho wake. Nisipompa, atavuja. Tutampa saa tano, sindano ya kumwokoa iwe tayari mkononi." Baba Venansi akasema kutoka kitandani, "Mama, ninyi fanyeni tu. Mimi nimeshazoea kung'atwa na nyuki."

Nikamvuta Shabani mkono. "Nitoe damu sasa hivi. Weka mirija miwili, mmoja wangu wa kuosha, mmoja mpya wa kabatini." "Una wazimu? Mgonjwa wewe." "Shabani, nakuomba." Aliniangalia, akafungua kabati. Saa nne na dakika kumi tukatega saa. Hakuna dakika ishirini katika maisha yangu nilizokaa kama zile. Shabani alijaribu mzaha mmoja, ukaishia njiani. Saa ilipolia, aliuinamisha mpya kwanza. Damu yangu ikabaki imeshika, nyeusi, imetulia kama jiwe la kisimani. Akauinamisha wangu, ule unaong'aa. Maji.

"Milembe," akasema polepole, "uliiosha na nini?" Nikamtolea pakiti nyuma ya ndoo. Aliishika kama kitu kilichookotwa njiani. Kisha akafunga mlango. Shabani hakuwa mtu mbaya, nataka ijulikane. Alimpenda yule mama kuliko wote tuliompenda. "Sikiliza," akaninong'oneza. "Anasafiri Jumatatu. Miaka ishirini na tano anasubiri watu wamsikilize. Itupe hii sabuni chooni. Kuanzia leo maji tu. Mwache aende akang'ae, mara moja tu maishani mwake. Nani atajua?" Nikamwambia, "Na Baba Venansi?" "Tutamwambia mrija ulianguka, tutampima na mpya..." "Na wale saba walioandikwa wiki iliyopita? Na mgonjwa atakayetibiwa na daktari aliyesikia alichosoma yeye huko Dar es Salaam?" Nilifikiria kiti changu, kile alichokiondolea karatasi. Nikisema, mimi si mgonjwa tena. Mzima hapikiwi maini. Nilichukua mirija miwili, mmoja kila mkono, nikasukuma mlango kwa kiwiko.

Daktari alikuwa ameshatundika dripu. Sikumbuki nilivyoanza. Nakumbuka nilipiga magoti kwenye ile sakafu ya klorini na hakuniambia nisimame. "Ni damu yangu, mirija yote miwili," nilisema. "Huu ni mpya. Huu niliosha kwa sabuni. Niliosha yote kwa sabuni, Daktari. Nilidhani hamna." Akaipokea. Akauinamisha mmoja, akauinamisha wa pili, akarudia, kama mtu anayesoma barua ambayo maneno yake hayabadiliki. Kisha akafunga kidude cha dripu ya Baba Venansi kwa kidole gumba, kabla hata tone halijashuka. "Shabani," akaita, "mrija mpya." Tukakaa tena dakika ishirini, sisi wote na mgonjwa, na nesi ambaye hakuelewa kitu. Ya Baba Venansi ikaganda. Ilikuwa imeganda, nadhani, tangu siku ya kwanza baada ya dawa. "Nimepona?" mzee akauliza. "Ulishapona, Baba," Daktari akamwambia. "Sisi ndio tulichelewa kujua."

Nilitegemea anipige kofi. Ningelipenda. Badala yake aliniita mezani, akafungua daftari kubwa, akachukua rula na kalamu nyekundu. "Ulianza lini?" Nikamwambia wiki ya mavuno kanisani. Tukatafuta siku. Kuanzia hapo akapiga mstari, ukurasa baada ya ukurasa, akisoma kila jina kwa midomo kabla ya kulikata. Miezi saba. Katikati aliweka kalamu chini, akanieleza, kwa sauti yake ya kila siku ya dakika ishirini: kioo chenyewe ndicho kinachowaamsha mafundi, damu ikigusa kioo kitupu inashtuka, inaanza kuganda. Sabuni inakifunika kioo kama shuka, na mafundi wanalala. "Nilikwambia maji tu," akasema. "Sikukwambia kwa nini. Miaka yote nalalamika kwamba watu hawanisikilizi, na mtu mmoja aliyekuwa ananisikiliza sikumweleza." Akaendelea kukata. Mwishoni mwa daftari aliandika mistari miwili mitatu kwa mkono wake, akalifunga. Sikuona aliandika nini. Jumatatu hakusafiri. Viatu vipya alivirudisha kwenye boksi lake.

"Sasa huumwi," aliniambia jioni ile, akijaribu kutabasamu. "Unaweza kurudi kwako." Sijui kama alitaka nibaki. Nimeliuliza swali hilo kila mwaka. Labda alisema vile kunipa ruhusa, nami nikasikia amri, kwa sababu nilikuwa na aibu na aibu husikia amri tu. Nilifunga begi langu. Nilipofika mlangoni nilitazama nyuma: kiti changu kilikuwa bado kitupu, hajakirudishia karatasi. Niliosha kwa maji matupu mpaka Desemba, mkataba ukaisha, nikaaga kwa nidhamu, na sikurudi tena. Alianza upya mwanzo kabisa, nilisikia kwa Shabani, akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wanajenga nyumba za kustaafia. Mara nyingi nilichukua baiskeli, nikafika mpaka kwenye kona yake, nikanunua nyanya nisizozihitaji nikarudi.

Alhamisi, baada ya kutoka makaburini, nilijipa kazi ninayoijua. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na beseni mbili na mlima wa glasi za waombolezaji. Kijana mmoja mwenye shati la kola iliyopigwa pasi alikuja kunisaidia, akajitambulisha kuwa mtu wa maabara kwenye zahanati njia ya Urambo, mwanafunzi wa Daktari. Alikuwa mchangamfu, anaongea huku anasuuza. "Yule mama alikuwa mkali kwa kioo, dada! Hatukuruhusiwa kumpima mgonjwa na mirija iliyooshwa kabla hatujafanya damu ya Milembe." Glasi ilinitoka, ikaangukia kwenye maji, haikuvunjika. "Damu ya nini?" "Damu ya Milembe. Ukishaosha mirija, kabla ya mgonjwa yeyote, wewe uliyeosha unatoa damu yako, unaitia kwenye mmoja. Ikiganda, endelea. Isipoganda, kosa liko kwenye kuosha, mgonjwa usimguse. Zahanati zetu zote za huku tunaita hivyo, tunaandika daftarini kila wiki: damu ya Milembe, imeganda." Akafikiri kidogo. "Sijui huyo Milembe alikuwa nani. Mimi nadhani ni profesa fulani wa zamani. Daktari alikuwa akisema tu kwamba ndiye mtu pekee aliyewahi kumletea ukweli mikononi, mmoja kila mkono. Sijui hata alimaanisha nini."

Ng'ambo ya ua, Shabani alikuwa akitusikiliza. Aliinua nyusi kama anayeuliza nimwambie? Nikatikisa kichwa.

"Wewe dada ulimjua Daktari?" kijana akaniuliza.

"Nilikuwa namwoshea vyombo," nikasema. Nikamwonyesha glasi aliyokuwa ameiweka kwenye kichanja. "Hiyo bado ina sabuni. Irudishe, tuisuuze tena."